Jua Halitumi Bili, Lakini Betri Ina Mwenyewe

Hotuba iliyotolewa Kisumu mbele ya viongozi wa fuo, waendesha boda, akina mama wa soko la samaki na wanafunzi wa vyuo vya ufundi

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, mama zangu mlioacha meza za samaki mikononi mwa wengine ili mje hapa, vijana wa stejini, wanafunzi: hamjambo nyote.

Mlioniita mliniomba nizungumze juu ya kuachana na mafuta na kuhamia kawi safi. Mada hii nimeisikia ikihutubiwa katika kumbi zenye viyoyozi, na karibu kila mara huanza na barafu inayoyeyuka huko kaskazini ya dunia. Sina ugomvi na barafu. Lakini ziwa letu lenyewe lilipanda mwaka 2020 likameza fuo na nyumba, na hakuna hapa anayehitaji kuambiwa kwamba mvua na kiangazi vimepoteza adabu. Leo nataka tuzungumze pesa. Nani analipa, analipa lini, na deni likiisha kifaa kinabaki cha nani.

Tuanze na habari njema, maana ipo. Upande wa stima, Kenya imeshahama. Katika kila uniti kumi zinazozalishwa nchini, karibu tisa zinatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke ndio unaoongoza, na hautoki mbali. Unatoka Olkaria, huko Hell's Gate, kaunti ya Nakuru, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa mwaka 1981. Leo mitambo ya mvuke ina uwezo wa zaidi ya megawati 900. Huku kwetu tuna Sondu Miriu, megawati 60 za maji ya mto, na chini yake Sang'oro, megawati 21, inayoyatumia maji yale yale mara ya pili kabla hayajaachiliwa kwenda ziwani. Kule kando ya Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, kuna mashine za upepo 365 zenye megawati 310. Na mwaka 2019 mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, wa megawati 1,050, ulifutiwa leseni na jopo linaloamua kesi za mazingira. Kwa hiyo akija mgeni kutuhubiria tuache kuzalisha stima kwa makaa ya mawe, tumpe chai kwanza, halafu tumwambie kwa upole kwamba hatukuwahi kuanza.

Basi mafuta yako wapi? Yako barabarani, kwenye kila tangi la boda na matatu. Yako ziwani, kwenye taa za wavuvi na kwenye injini za boti. Yako vijijini, kwenye vinu vya posho ambavyo nguzo hazijavifikia. Na yako Muhoroni.

Hapo Muhoroni naomba tukae kidogo. Wengi tunaijua kwa sukari. Lakini kuna mtambo pale unaochoma mafuta ili kuzalisha stima, na ulihamishwa kutoka Embakasi, Nairobi, mwaka 2016. Nchi iliyojaa mvuke inaletaje mtambo wa mafuta Muhoroni? Jibu ni waya. Stima ya Olkaria ilikuwa inasafiri mpaka huku kwa nyaya za zamani zilizozidiwa, njia ni ndefu, na jioni kila mtu anapowasha taa na televisheni kwa wakati mmoja, nguvu inashuka. Mmeyaona wenyewe. Balbu inafifia mpaka unaona waya wake wa ndani, friji inanguruma bila kugandisha, na welda wa jua kali anafunika mashine yake saa kumi na mbili kwa sababu mshono haushiki. Ili nguvu isianguke kabisa, ilibidi kuwe na mtambo wa karibu unaosukuma kutoka upande huu, na uliopatikana ulikuwa wa mafuta. Chukua ujumbe wa tokeni ulioko kwenye simu yako usome mistari ya chini. Ile tozo ya gharama ya mafuta ndiyo hiyo. Mama mwenye balbu mbili Nyalenda anailipa, na mwenye kiwanda anailipa.

Laini ya kilovolti 220 kutoka Olkaria kupitia Lessos hadi Kisumu ilijengwa kutibu ugonjwa huu, na ilichukua miaka mingi kuliko tulivyoahidiwa. Kule Ziwa Turkana mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mashine za upepo zilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya kutoka Loiyangalani hadi Suswa ikakamilika mwaka uliofuata. Katikati hapo Wakenya wakalipishwa mabilioni ya shilingi kama fidia, kwa sababu mkataba ulisema mwenye mashine alipwe hata kama waya haupo. Kwa hivyo kiongozi akisimama jukwaani kuwaahidi mtambo mpya wa sola au upepo, mpigieni makofi, ni adabu, halafu mmoja wenu anyooshe mkono aulize waya utapita wapi na utamalizika lini.

Sasa nije kwenye jambo lililonitoa nyumbani.

Mafuta na jua vinatofautiana kwa njia moja ambayo maskini huiona mapema kuliko profesa. Kifaa cha mafuta ni rahisi kukipata, ila mafuta yenyewe unayalipia kila siku, kidogo kidogo, maisha yako yote. Jua, mvuke na upepo havina bei. Bei yote iko kwenye kifaa, na kifaa kinataka pesa siku ya kwanza. Koroboi ya mkebe inatengenezwa na fundi wa Kibuye kwa pesa kidogo, na mafuta ya taa unanunua ya shilingi ishirini kwenye kichupa. Huo ndio uchumi wetu wa kadogo. Ukijumlisha mwaka mzima ni ghali ajabu, lakini kila jioni, peke yake, inawezekana. Paneli ni nafuu ukijumlisha mwaka mzima, ila siku ile ya kuinunua haiwezekani.

Watunga sera hulisahau hili. Mwaka 2018 mafuta ya taa yalitozwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, kwa sababu kulikuwa na wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Bei ikapanda mpaka karibu na dizeli yenyewe. Wachanganyaji walitafuta biashara nyingine. Aliyebaki akilipa ni yule wa kichupa.

Kampuni za sola zikaona mwanya, zikaja na mpango wa lipa pole pole: weka rubuni, chukua paneli na taa, lipa kidogo kila siku kwa simu, na ukikosa kulipa mtambo unajifunga wenyewe. Siubezi mpango huo. Umewasha nyumba nyingi ambazo zingesubiri nguzo mpaka leo. Lakini ona mpango huo ulichofanya: umelichukua jua ambalo ni la bure ukalikatakata vipande vya kadogo, tukaweza kulinunua. Umetutoa kwenye koroboi kwa sababu ya jambo moja tu, kwamba deni lake lina mwisho. Ukimaliza kulipa, taa ni yako. Mafuta ya taa hayakuwahi kufika siku ya kumalizika kulipwa.

Kila kitu kingine nitakachosema kinatoka hapo. Kawi safi ni biashara ya vifaa, na faida yake humfuata mwenye kifaa.

Tuingie ziwani. Wavuvi wa omena mlioko hapa mtanisamehe, nawaeleza wanafunzi wa mjini. Omena, wale samaki wadogo wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Taa zinawekwa juu ya maelea na kuachwa majini. Mwanga unaita wadudu, wadudu na mwanga vinaita omena, wanajaa chini ya taa, kisha taa inavutwa taratibu kuelekea kwenye wavu na wavu unainuliwa. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Mnaijua: tangi la chuma, pampu ya kidole gumba, kile kisoksi kinachoungua mara ya kwanza kikabaki majivu lakini kikaendelea kutoa mwanga, na kioo kinachopasuka tone la maji baridi likikigusa. Karabai moja inakunywa lita na zaidi kwa usiku mmoja, na mtumbwi hautoki na karabai moja.

Asubuhi, kabla omena hawajaanikwa, hesabu ya kwanza ufuoni ni ya mafuta. Gharama inatolewa juu, halafu kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi wake. Ndiyo maana mvuvi ambaye hajawahi kununua lita moja kwa mkono wake anapungukiwa kila mafuta yakipanda. Amelipa bila kufika petroli stesheni.

Sasa zimeingia taa za LED zenye betri. Hazizimwi na upepo, hazipasuki kwa mvua, hazimwagi mafuta kwenye maji tunayopikia. Zinachajiwa mchana kwa sola, kwenye banda hapo ufuoni. Zina shida zake pia, na anayeziuza bila kuzitaja ni wa kuogopwa. Betri iliyochoka ikizima saa tisa usiku, uko katikati ya maji na huna kidumu cha kuongeza. Taa nyepesi kama hiyo inabebeka, na kinachobebeka huibiwa. Na zipo za bei rahisi ambazo baada ya msimu mmoja hazimalizi usiku.

Lakini swali langu kwa BMU, vikundi vinavyosimamia fuo, ni jingine. Mwenye mtumbwi amenunua taa za sola. Mafuta yameondoka kwenye hesabu ya asubuhi. Pesa ile iliyokuwa ikitolewa juu inakwenda wapi? Kuna fuo ambako jibu litakuwa hivi: mahali palipoandikwa "mafuta" pataandikwa "kodi ya taa", kiasi kile kile, na kodi hiyo haitakoma hata taa ikishajilipa mara tatu. Ziwa litakuwa safi, hewa itakuwa safi, na mvuvi atarudi nyumbani na fungu lile lile la zamani. Akija mtu wa mradi na kamera atapiga picha nzuri.

Njia nyingine ipo na haihitaji sheria mpya kutoka Nairobi. Kodi ya taa ilipwe mpaka bei ya taa irudi, iandikwe kwenye daftari ambalo kila mvuvi anaweza kulisoma, halafu ikome. Au kikundi kinunue taa, kila mmoja ajue hisa yake. BMU mna sheria ndogo ndogo zenu za ufuo. Mnaamua nani anatia nanga wapi na nani anatozwa nini. Hili nalo liko ndani ya uwezo wenu, mradi mlijadili kabla taa hazijanunuliwa. Zikishanunuliwa, mjadala umekwisha.

Na mama zangu, nyinyi mnaoanika omena juu ya vyavu, mlikuwa kwenye sola kabla ya sisi sote. Shida yenu ni mvua ya ghafla, inayogeuza mzigo wa chakula cha binadamu kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya kuku. Kaushio lililofunikwa kwa nailoni linahifadhi mzigo huo. Si teknolojia ya kutisha. Ni fremu, nailoni ya kivungulio, na mahali hewa inapoingia na kutokea. Vijana wa chuo cha ufundi wanaweza kulijenga kwa siku chache, na ningependa kuona likijengwa kabla ya mtu kuleta mtambo wenye skrini.

Sasa boda. Hapa tufanye hesabu, toeni simu. Pikipiki ya kawaida inayozunguka kilomita 100 kwa siku inakunywa lita mbili hadi mbili na nusu. Tuchukue lita moja kwa shilingi 180 ili hesabu iwe rahisi, ingawa Septemba 2023 wote tunakumbuka ilivuka 200. Hiyo ni shilingi 360 hadi 450 kila siku, kabla hujala, kabla hujampelekea mwenye pikipiki hesabu yake. Pikipiki ya stima, kwa umbali huo huo, inatumia kama uniti nne. Mwaka 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei maalum ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa ambazo watu wamelala, kabla ya kodi na tozo. Uniti nne kwa 16 ni shilingi 64. Ongeza kodi, ongeza tozo zote, bado kuna mamia ya shilingi yamebaki mezani kila siku.

Yamebaki kwa nani? Pikipiki nyingi za stima huuzwa kwa mpango wa kubadilisha betri. Wewe unamiliki pikipiki, kampuni inamiliki betri. Betri ikiisha unaingia kituoni, unaacha tupu, unachukua iliyojaa, unalipa, dakika chache umeondoka. Mpango huu una akili ndani yake, kwa sababu betri ndiyo sehemu ghali, na ikizeeka si mzigo wako. Mwendeshaji wa Kondele hawezi kulala na wasiwasi wa betri inayokufa. Lakini bei ya kubadilisha haipangwi kwa shilingi 16 za uniti. Inapangwa na mwenye betri, na atakachoangalia ni bei ya petroli. Petroli ikipanda, naye anaweza kupanda kidogo nyuma yake, uendelee kuona nafuu kidogo, naye aendelee kuchukua sehemu kubwa ya yale mamia. Betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Na wengi wenu mnabeba abiria Maseno, Ahero, mpaka ndani huko Seme. Vituo vinaanza mjini, kwa sababu mjini kuna wateja wengi, na vitafika Seme siku moja.

Sisemi msihame. Hesabu ya petroli ni mbaya mno kuitetea. Nasema chama chenu, ile sacco ambayo mnaweka akiba mpate kununua pikipiki, iangalie kumiliki kituo cha kuchaji. Kituo kinahitaji stima ya kutosha, mita yenye bei hiyo maalum, chumba kinachofungika, na mtu wa usiku, kwa sababu faida kubwa iko kwenye zile saa za shilingi 8. Hilo sacco ya boda inaweza kulifanya. Na kabla ya kusaini mkataba wowote wa pikipiki ya stima, ulizeni inaweza kuchajiwa nyumbani au inafungwa kwa vituo vya kampuni pekee.

Mafundi wa pikipiki nao nimewaona wamejaa kule nyuma, na najua wanachofikiri. Pikipiki ya stima haina kabureta, haina plagi, haina oili ya kubadilisha. Kazi nyingi mnazofanya leo hazipo ndani yake. Kuna breki, kuna shokabu, kuna bearing, na kuna nyaya ambazo wengi hawajafundishwa kuzigusa. Vyuo vyetu vya ufundi vimechelewa hapo, na mkuu wa chuo akiwa ndani ya chumba hiki, namwomba tuonane baadaye.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: kila lita ya petroli na dizeli hukatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara tangu mwaka 2024. Siku boda na matatu zikihamia betri, serikali haitaacha kutengeneza barabara, wala haitaacha kutoza. Itatafuta pesa hizo kwenye uniti au kwenye leseni. Mtu akikuambia pikipiki ya stima itabaki nafuu hivi hivi milele, jua hajawahi kukutana na Hazina ya Kitaifa.

Na Kisumu inakula kutokana na mafuta, tusijifanye. Bomba kutoka pwani linafika hapa. Gati ya mafuta ilikamilika ziwani mwaka 2018 ili kupeleka petroli Uganda kwa maji. Kuna watu wa bohari, madereva wa malori, vijana wa pampu. Watu hao wana watoto shuleni. Ila tunajua pia mafuta yanavyosafiri barabarani. Sachang'wan, Januari 2009, zaidi ya watu 100. Malanga, Siaya, Julai 2021. Walikufa wakichota mafuta kwenye lori lililoanguka, kwa kuwa lita moja ni pesa, na wengine humu mlizika. Sitaendelea hapo.

Jikoni nitapita haraka, ingawa najua mama zangu wangependa nikae. Gesi ya mtungi nayo ni mafuta. Inachimbwa huko huko na kushukishwa Mombasa. Lakini sitamwambia mtu yeyote aache gesi arudi kwenye kuni na moshi kwa sababu ya kanuni nilizosoma kitabuni. Serikali ndiyo iliyowarudisha wengi kwenye makaa ilipoitoza gesi VAT ya asilimia 16 Julai 2021, kabla ya kuipunguza na mwishowe kuiondoa mwaka 2023. Makaa yana bei nyingine isiyoandikwa kwenye gunia. Mto Sondu unatoka msitu wa Mau. Mau ukikatwa, mto unapungua kiangazi, Sondu Miriu inazalisha kidogo, na Muhoroni inawashwa. Kwa hivyo mti uliochomwa makaa huku unarudi kwenye tokeni yako kule kama gharama ya mafuta.

Kwa aliye na stima, jiko la presha la stima linaivisha maharagwe kwa chini ya uniti moja. Hilo watu hawaliamini mpaka walione, maana tumezoea kwamba stima ni ya taa na kupikia ni anasa. Kwa mwenye ng'ombe wawili wa zizini, gesi ya samadi bado ni nzuri kuliko vyote, kama yupo mtu wa kuichanganya kila asubuhi. Hapo Dunga walijaribu mtambo unaotumia magugu maji. Mitambo hii haifi kwa kukosa samadi au magugu. Hufa kwa kukosa mtu mwenye kazi ya kuihudumia na kulipwa kwa hiyo kazi. Mumias ni mfano mkubwa zaidi. Kiwanda kile kilikuwa kinachoma makapi ya miwa na kuuza megawati 26 kwa taifa kuanzia mwaka 2009. Kawi safi, ya hapa hapa, kutoka kwa mkulima wa hapa hapa. Kiwanda kilipoanguka kwa madeni, megawati zikaanguka nacho, na makapi hayakuwa na kosa lolote.

Wageni wetu kutoka Nakuru, sijawasahau. Mnakaa juu ya mvuke. Kisima kimoja kinakwenda kilomita mbili hadi tatu chini, kinagharimu mamilioni ya dola, na kinaweza kutoka kikavu. Benki haitaki hatari hiyo. Kwa hiyo mwaka 2008 serikali iliunda GDC, shirika la umma la kuchimba kwa pesa za umma na kuwauzia mvuke wazalishaji. Menengai walianza kuchimba mwaka 2011. Mtambo wa kwanza wa megawati 35 ukaanza kutoa stima mwaka 2023, na ni wa kampuni binafsi. Sina kinyongo na kampuni binafsi, ila mpangilio huo nauweka mbele yenu muutazame: sehemu ya hatari tuliibeba sisi sote.

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inasema mrabaha wa mvuke ugawanywe: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya mahali mvuke unapotoka. Hizo tano ni zenu kwa sheria. Ulizeni zinaingia katika akaunti ipi na nani anatia sahihi. Ndugu zetu Wamaasai waliohamishwa Olkaria kwenda makazi mapya ya RAPland mwaka 2014 ilibidi walalamike mpaka Benki ya Dunia na benki ya uwekezaji ya Ulaya ndipo waketi mezani kusuluhishwa. Na pale Eburru, wenyeji waliuchukua mvuke zamani kabla ya mtambo wowote: wanauelekeza kwenye mabomba, unapoa, unakuwa maji ya kunywa, na joto lake wamekuwa wakilikaushia pareto. Hakuna aliyewauzia.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nimeiona.

Sheria hiyo hiyo ya 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa kawi. Mpango unapoandikwa, umma unaitwa kutoa maoni, na mikutano hiyo huwa mitupu kwa sababu tangazo hubandikwa mahali hakuna anayepita. Nendeni. Watu wa boda waseme vituo viwe wapi na betri zilingane. Wavuvi waseme mabanda ya kuchajia yajengwe kwenye fuo zipi, na yawe ya nani. Wakulima wa mpunga wa Ahero na Kano Magharibi, ambao pampu zao zinakula stima mpaka mavuno yanakuwa ya bili, waseme kama wanataka sola kwenye pampu na kwa masharti gani. Akina mama waseme transfoma ipi imezidiwa, kwa sababu nyinyi ndio mnaojua saa ambayo balbu inafifia.

Na atakayekuja na kifaa, awe wa serikali, wa mradi au wa kampuni, aulizwe mambo manne kabla ya soda kufunguliwa. Nalipa mpaka lini? Nikimaliza ni changu? Kikiharibika kinatengenezwa Kisumu au kinapelekwa Nairobi? Na kampuni ikifunga, kitaendelea kuwaka? Akijibu yote kwa maandishi, mpeni soda.

Nimeleta taa mbili za ziwani na jiko moja la presha, viko pale mezani na maharagwe yamo ndani tangu nianze kuzungumza. Mita ndogo iko pembeni yake, msiniamini mimi, someni mita. Mwenyekiti, tuchukue maswali, na ningeomba yaanzie kule nyuma kwa mafundi.